Soksi Miguuni pa Shefu

Kamina, tarehe 6 Oktoba 2024

Kwako bibi yangu, Nkambo Tshala,

Yambo sana. Barua hii ikukute mzima, na kama itanuka samaki usinilaumu. Ngandu muuza samaki amesema ataiweka ndani ya gunia lile lile analorudi nalo tupu huko Mulongo kila anapomaliza kuuza. Sisi hatujambo. Mama ana mafua kidogo. Kuku wako mwekundu ametotoa vifaranga saba, mwewe akachukua wawili, na Mama anasema ungekuwepo mwewe asingethubutu. Mimi nimeingia mwaka wa tano. Tumeongezewa masaa ya Kilatini, na bado nakaa dawati la pembeni karibu na dirisha, kwa sababu pale hakuna anayenisemesha.

Baba hajambo pia. Treni ni chache, lakini kila asubuhi anakwenda kwenye njia panda ya reli, anapaka mafuta vyuma vya kugeuzia njia, anakaa, halafu anaandika kwenye daftari la kazi: «Leo hakuna treni.» Mwandiko wake umekuwa mzuri sana, kwa kuwa sentensi ni moja tu. Hakuniambia nikusalimu. Nakuandikia ukweli kwa sababu ulinifundisha nisiseme uongo kwenye karatasi. Lakini aliponiona naandika alipunguza sauti ya redio, na Baba hapunguzii mtu redio.

Sasa jambo lenyewe. Chini ya kitanda chako nimekuta kopo la maziwa ya unga. Ndani mna sindano zako nne, zile ambazo marehemu Babu alizichonga kutokana na vyuma vya gurudumu la baiskeli, pamoja na uzi wa kijivu na soksi moja iliyofika karibu na kisigino. Nataka kujifunza kufuma. Nimetazama katika kamusi kubwa ya shule. Wanasema kufuma ni kuunganisha vitanzi kwa sindano. Basi, wameishia hapo. Ni kama kusema kuogelea ni kutikisa mikono majini. Nilijaribu kuendelea pale ulipoachia, na sasa soksi ina kitu kinachofanana na mdomo. Tafadhali niandikie jinsi ya kugeuza kisigino.

Jambo la pili nitaliandika mara moja tu, kwa maana naona haya. Nkambo, rudi nyumbani. Ulisema unakwenda kumsalimu Shangazi Tamar kwa wiki mbili. Ilikuwa Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ulipoziona soksi ulizomfumia Baba zikiwa miguuni pa shefu wake wa kazi, kanisani, benchi la mbele yako. Hukusema neno hadi baraka ya mwisho. Nyumbani ukamwuliza Baba swali moja: «Ulimpa?» Baba akanyamaza. Kesho yake ukafunga mzigo. Tangu siku hiyo hakuna anayetaja soksi hapa nyumbani. Hata Mama akitaka kufua zangu za shule anasema «leta vile vitu vya miguu».

Mjukuu wako anayekungoja,
Jessé


Mulongo, tarehe 10 Novemba 2024

Kwa mume wangu Jessé,

Wafwako, asante kwa barua yako, imenuka samaki kama ulivyoahidi. Hapa tuko wazima. Mvua imeanza, mto unapanda, watoto wa shangazi yako wanaharisha kwa zamu. Nawe mume gani unamwandikia mkeo karatasi nzima, nusu yake ni kuku? Wenzako huandika kwamba hawalali. Lakini nilikuchagua mwenyewe siku ulipozaliwa, mwembamba, macho makubwa, nikasema huyu hatanipiga. Sasa nivumilie.

Kwanza nikurekebishe. Mimi sikukasirika. Mtu aliyekasirika hupiga kelele, nami sikupiga kelele. Nimekuja kumtazama binti yangu kwa wiki mbili, na wiki mbili za Mulongo ni ndefu kuliko za Kamina kwa sababu hakuna simu inayoshika.

Ni kweli kwamba kukaa kwa binti yako aliyeolewa si jambo rahisi. Unajua kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapiti mlango mmoja. Huyu Kasongo, mume wa shangazi yako, ana heshima kupita kiasi. Akirudi kutoka mtoni anaanza kukohoa tangu kwa jirani ili nipate kuondoka uani. Mimi nikitaka kwenda chooni nakohoa ili yeye aondoke. Mgeni akipita anadhani nyumba nzima ina kifua kikuu. Tangu mvua ianze anakula kwa kaka yake. Tamar amesema, «Mama, bwana yangu anakonda.» Nikamwambia, «Njo heshima ile. Baba yako naye alikonda.»

Sasa soksi. Umeanza na kisigino, kama mtu anayebatiza mtoto kabla ya kutafuta mke. Fumua yote. Usilie, uzi haufi. Tia vitanzi sitini, ugawe ishirini ishirini kwenye sindano tatu, ya nne ni ya kufanyia kazi. Fuma viwili kwa mbele, viwili kwa nyuma, uzunguke, uzunguke, usivute uzi kama unavuta mbuzi. Vidole vinne vya hivyo, halafu fuma kwa mbele tu mpaka ufike urefu wa kiganja. Ukiangusha kitanzi usiendelee kwa kusema hakitaonekana. Kinaonekana. Kinateremka mpaka mwisho.

Sikuulizi habari za baba yako. Bado anakohoa asubuhi? Anavaa nini ndani ya buti? Usimwambie nimeuliza, kwa kuwa sijauliza.

Mkeo anayezeeka bila kutunzwa,
Tshala


Kamina, tarehe 15 Desemba 2024

Kwako Nkambo,

Yambo, na heri ya Noeli inayokuja. Mama amepona. Vifaranga wamebaki watano na mmoja amegeuka kuwa jogoo, tulidhani ni tetea. Mitihani imekwisha. Kilatini nilipata wa kwanza, mazoezi ya viungo nilipata wa mwisho, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Padri ameuliza kama umehama. Mama akajibu, «Apana, iko kwa muda.» Padri akaandika kitu.

Nilifumua yote kama ulivyosema. Iliniuma, kisha ikanifurahisha, kwa sababu uzi ulitoka ukiwa umejikunja kunja, unakumbuka umbo la soksi. Nimefuma kipande cha juu mara tatu. Cha kwanza kilikuwa kigumu hata kidole hakipiti. Cha pili kingemtosha tembo. Cha tatu ni kizuri, ninakitoa mfukoni kukitazama hata nikiwa njiani.

Nkambo, kwa nini hukuniambia kwamba inapendeza hivi? Sijui kuieleza. Mzunguko hauna mwanzo wala mwisho, mikono inakwenda, na kichwa kinabaki kimetulia kama maji ya mtungi. Zamani nikikaa na watu, kila mara mtu aliniuliza, «Weye, juu ya nini unanyamaza?» Sasa hawaniulizi. Wakimwona mtu anafuma wanadhani ana kazi, na mwenye kazi anaruhusiwa kunyamaza. Ningelijua hili mapema ningelianza nikiwa na miaka mitano.

Shuleni lakini wamegundua. Ilikuwa wakati wa mapumziko, nilikuwa nyuma ya darasa. Gloire, yule ambaye baba yake ni askari huko Base, kambi ya jeshi, akaniona akapiga kelele:

«Ee bantu, mukuje muone! Jessé iko anatunga shoseti! Mama Jessé, mutoto atazaliwa siku gani?»

Wote wakacheka. Mwingine akasema, «Baba ya mutoto njo nani?» Nilitafuta jibu. Nililipata, zuri sana, siku mbili baadaye nikiwa naoga. Tangu hapo naitwa Mama Jessé. Mwalimu wa Kilatini aliniuliza mbele ya darasa kama nitapenda kuwafumia soksi mashujaa wa Roma, maana walivaa kandambili. Nilisema ndiyo kabla sijaelewa kwamba ni mzaha.

Baba naye ameniona. Alirudi kazini mapema, akasimama mlangoni na buti zake.

«Iko nini hii?»

«Iko shoseti, Baba.»

«Ya nani?»

Nilijifanya nahesabu vitanzi. Alichukua ile soksi, akatia mkono ndani, akapapasa ile mistari ya juu kwa kidole gumba.

«Njo vile alikuwa anaanza,» akasema.

«Nani, Baba?»

«Kula,» akasema, ingawa sikuwa nakula. Akaenda kuwasha redio.

Nafuma kwa kipimo cha mguu wa mtu fulani. Urefu niliupata kwa kutia fimbo ndani ya buti kuukuu: shubiri moja na vidole vitano. Kisigino sasa, tafadhali. Nimefika mlangoni kwake na sijui kubisha.

Mumeo,
Jessé


Mulongo, tarehe 2 Februari 2025

Kwa mume wangu, Mama Jessé,

Usinune, nimelipenda jina hilo. Barua yako ilikaa Bukama wiki nne kwa sababu boti iliharibika mashine, na Ngandu alipofika hapa aliniomba radhi kana kwamba barua yenyewe ilikuwa na njaa. Mwaka umeanza vizuri. Tamar ana mimba. Kasongo alituma mtoto aniletee habari, ingawa alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa matofali, namwona kofia. Nikamwambia mtoto, «Mwambie baba yako asante.» Kofia ikainama. Tumekuwa na mazungumzo marefu ya namna hiyo.

Hao wanaokucheka, waache. Masista walipotufundisha kufuma, tulikuwa wasichana thelathini na saba, na aliyetushinda wote alikuwa mpishi wao, mwanamume mwenye ndevu. Alifuma akichochea mchuzi.

Kisigino. Soma hapa ukiwa umekaa. Chukua nusu ya vitanzi, thelathini, viweke kwenye sindano moja. Vingine vipumzike. Hapa huzunguki tena, unakwenda na kurudi, kama mtu anayesahau kitu nyumbani kila akifika barabarani. Fanya mistari thelathini. Kisha nenda mpaka katikati, pita kidogo, unganisha vitanzi viwili viwe kimoja, na ugeuke kabla ya kufika mwisho. Rudi, pita katikati kidogo, unganisha viwili, geuka tena kabla ya mwisho. Kila safari inazidi iliyotangulia kwa kitanzi. Utadhani unaharibu. Usisimame. Ghafla utaona kitambaa kinajikunja chenyewe kama kikombe, na hakuna mtu ambaye hakucheka mara ya kwanza.

Huo mguu wa shubiri moja na vidole vitano naujua. Sitauliza ni wa nani. Mtu huyo mguu wake wa kushoto ni mrefu kidogo kuliko wa kulia, tangu alipozaliwa, na kidole gumba chake cha kushoto hutoboa. Ongeza mistari miwili upande huo, na pale kwenye kidole ufume kwa nyuzi mbili. Mtu huyo nilimfumia kila mwaka kabla ya baridi ya Juni, tangu akiwa na miguu ya kutosha kikombe cha chai. Sikumfumia shefu.

Umeandika nirudi. Nami nitaandika mara moja. Namtaka mtu huyo aniandikie mstari mmoja, kwa mkono wake. Sitaki salamu za mdomo, wala za mtoto, wala za padri. Mtu anayeweza kuandika kila siku kwamba hakuna treni anaweza kuandika kwamba kuna mama.

Akiandika, nitarudi. Asipoandika, Mulongo kuna samaki.

Mkeo,
Tshala


Kamina, tarehe 16 Machi 2025

Kwako Nkambo,

Yambo. Wote wazima, hongera kwa Shangazi Tamar.

Kisigino kimegeuka! Nilicheka peke yangu. Mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimesoma kitu kibaya. Gloire alinikuta nyuma ya darasa, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, «Mama Jessé, unaweza kunitungia ingine ya papa? Buti ya jeshi inamuumiza sana.» Nimesema nitamfundisha atunge mwenyewe. Amesema atafikiri. Kesho yake alikuja na uzi.

Kuhusu mstari. Nilimsomea Baba sehemu ile ya barua yako. Alikaa mezani Jumapili baada ya misa akiwa na karatasi na kalamu yake ya kazini. Aliandika tarehe. Chini yake akaandika «Mama», na alama ya mkato. Alikaa hapo mpaka ugali ukapoa. Kisha akakunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia, akasema, «Iko kitu siwezi kumuandikia, na kama siandike ile, ingine yote iko uongo.»

Nkambo, usimkasirikie kwa hilo. Kuna jambo nilitaka kulieleza hapa lakini nafasi imekwisha.

Jessé


Mulongo, tarehe 13 Aprili 2025

Mume wangu,

Ni Jumapili ya Matawi. Tuko wazima. Umeandika kwamba nafasi imekwisha, na nusu ya karatasi ilikuwa tupu. Ninakujibu hapo hapo, kama unavyoona, ili ujue ilivyokuwa kubwa.

Kitu gani baba yako hawezi kuandika? Na wewe je? Nilikufundisha nini kuhusu kitanzi kilichoanguka?

Kasongo sasa analala kwa kaka yake vilevile. Tamar hasemi kitu, lakini ananipikia samaki wadogo tu. Wazee wa jamaa wamekuja kuniuliza kwa adabu kubwa kama hewa ya Mulongo inanifaa. Mtu akiulizwa hivyo ajue. Hata hivyo sina mstari, na bila mstari siondoki.

Tshala


Kamina, tarehe 11 Mei 2025

Kwako Nkambo,

Wote wazima. Nasema haraka, kwa sababu nikianza na kuku sitafika.

Soksi hakuzitoa Baba. Nilizitoa mimi.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya sikukuu ile. Baba alikuwa kazini, Mama sokoni, wewe ulikuwa kwenye sala za jumuiya. Shefu alipita kuacha ujumbe. Soksi zilikuwa kwenye kamba, umezifua wewe mwenyewe. Alizishika, akazigeuza, akasema, «Mutoto, izi shoseti ziko muzuri sana. Ziko za nani?»

Nkambo, unajua nilivyo mbele ya watu wakubwa. Ulimi unakuwa kama ubao. Nikakumbuka kitu kimoja tu ulichonifundisha nikiwa mdogo: mgeni akisifia kitu cha nyumbani, mwambie, «Ni chenu,» naye atajibu, «Asante, kibaki hapa hapa,» na wote mtakuwa mmeheshimiana. Nikasema, «Ziko zenu, Shefu.» Nikasubiri ile nusu ya pili. Lakini yeye alikuja hapa kwa kazi, kwao ni mbali, na nadhani hakuna aliyemfundisha nusu ya pili. Akasema, «Aksanti, weye uko mutoto muzuri,» akazianua, akazikunja vizuri, akatia mfukoni. Vibanio aliviacha. Nilibaki nimesimama navyo mkononi.

Nilitaka kukuambia jioni ile, na Jumapili, na Jumatatu. Kisha ikaja sikukuu, ukaziona. Ulipomwuliza Baba «Ulimpa?», nilikuwa mlangoni. Baba alinitazama usoni akaelewa yote, sijui vipi. Ndipo akanyamaza. Ulipokuwa unafunga mzigo nilimfuata nyuma ya nyumba. Nikasema, «Baba, njo minyi.»

«Nayua,» akasema. «Nyamaza.»

«Nitamwambia.»

«Apana. Sikia. Akikasirika na minyi, minyi niko mutoto wake, itapita. Batoto banakosea, bamama banasahau. Akikasirika na weye, atabakia bila bwana. Na weye hautakula tena mupaka ukufe, nakuyua. Wiki mbili tu.»

Ndiyo, wiki mbili. Zilipopita, nikasema nitazifuma upya, zitakuwa tayari kabla haijajulikana, na labda haitahitaji kujulikana. Kwa hiyo nilikudanganya nilipoandika kwamba nataka kujifunza kufuma. Nilitaka kufuta. Kupenda kulikuja baadaye, nako si uongo. Nimeficha jambo hili katika barua tatu huku nikikuuliza habari za kisigino. Baba hawezi kuandika mstari wako kwa sababu mstari wa kweli ungenitaja mimi, na wa uongo anakataa.

Soksi zimekwisha wiki iliyopita. Nilimpa. Aliziweka mezani sambamba.

«Moja iko murefu.»

«Iko ya kushoto, Baba.»

«Na nani amekuambia juu ya muguu yangu ya kushoto?»

Sikukutaja, maana uliandika nisimwambie kwamba umeuliza habari zake. Alizitazama muda mrefu, na pua yake ikawa inatoa maji. Hajazivaa. Zimo ndani ya mfuko wake wa kazi, zinakwenda naye njia panda asubuhi na kurudi jioni. Baridi imeanza na anakohoa.

Hajui kwamba nakuandikia haya. Kama ni kukasirika, kasirika na mimi. Ukitaka kuvunja ndoa, nitakubali.

Jessé


Mulongo, tarehe 8 Juni 2025, Pentekoste

Jessé,

Tuko wazima wote. Nitakujibu kwa mpangilio.

Siku mbili sikukutaja jina. Tamar aliuliza barua imesema nini, nikasema imesema mambo ya Kilatini. Nilikuwa nimekasirika, sasa ninaweza kuliandika neno hilo. Kwanza na wewe. Kisha na yule shefu na mfuko wake. Kisha na yule mwanamke aliyekufundisha adabu za kumwambia kila mgeni «ni zenu», nikamtafuta ni nani, nikamkuta amekaa kwenye kiti changu.

Siku ya tatu niliisoma tena, nikafika pale kwenye vibanio nikacheka. Nilicheka mpaka nikaanguka kitini, nikashindwa kupumua, nikawa napiga meza. Kasongo alikuwa nje, akadhani nakufa. Akavunja mila zote, akaingia mbio, akanishika mabega, «Mama! Mama!» Tukatazamana. Miezi kumi nimekaa nyumbani kwake, sikujua kwamba ana jicho moja dogo kuliko lingine. Alikimbia. Jioni ilibidi anitumie kuku ili aibu ile ifutwe, nami nikamtumia kitambaa. Wazee walikuja kusimamia. Kila mtu alifurahi kupita kiasi, wakaniuliza tena habari za hewa.

Halafu nilichukua karatasi nimwandikie baba yako. Nilikuwa nimemtaka aandike mstari mmoja, na sasa mstari ulikuwa juu yangu. Nikaandika tarehe. Nikaandika «Mwanangu Zacharie». Mume wangu, mimi niliyekufundisha soksi nzima kwa karatasi, tangu vitanzi sitini hadi kisigino, nimekaa na jina hilo siku tatu. Kalamu haikusogea. Niliandika «Nimesikia kwamba». Nikachana. Niliandika «Wewe nawe ungesema». Nikachana haraka zaidi. Karatasi za Tamar zimekwisha, na watoto wana mitihani.

Miezi yote hii nilidhani mtu asiyeweza kuandika mstari mmoja hana moyo.

Kwa hiyo siandiki. Nakuja. Ngandu amenipatia nafasi kwenye boti ya Jumatano mpaka Bukama, kutoka hapo nitapanda treni ikiwepo, na isipokuwepo nitapanda lori la mahindi. Ndoa yetu haivunjiki, sina umri wa kutafuta mwingine. Adhabu yako nitaifikiria njiani, njia ni ndefu.

Mwambie baba yako nakuja, basi. Asiulize kwa nini, na wewe usimwambie kwamba najua. Nikifika, mama yako atataka kunikaribisha kwa chai, na majirani watataka kuingia. Wote wangoje. Nitakwenda moja kwa moja hadi pale alipo, hata kama ni njia panda kwenye mafuta yake na vyuma vyake, na nitamwambia kwa mdomo, nikiwa nimesimama. Neno hilo la kuomba radhi sijapata kumwambia mtoto wangu yeyote, sijui hata litatoka kwa sauti gani, wala sitaki shahidi.

Kwa hiyo ukiniona nakuja, chukua uzi wako, utoke nje.

Tshala